«Oke» haikuzaliwa vitani

Hapa Bukavu, kuanzia soko la Kadutu hadi bandarini, bei ikishapatana watu hufunga maneno kwa «oke». Ukiuliza neno hilo limetoka wapi, mara nyingi utaelezwa kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani askari waliandika sifuri na herufi K ya neno la Kiingereza «killed», yaani hakuna aliyeuawa. Simulizi hiyo inagusa moyo, hasa katika mji wetu ambao umezika wengi, lakini si ya kweli.

Vita hivyo vilianza mwaka 1861, ilhali OK ilikwisha kuchapishwa tarehe 23 Machi 1839 katika gazeti la Boston Morning Post. Wakati huo waandishi wa Boston walipenda kufupisha semi kwa tahajia zilizokosewa makusudi, na OK ilisimama badala ya «oll korrect», tahajia mbovu ya «all correct», yaani kila kitu ni sahihi. Vifupisho vingi vya namna hiyo vilisahaulika. Hiki kilinusurika, kwa maoni yangu, kwa sababu ya siasa: mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, walimwita Old Kinderhook, wakaunda vilabu vya OK. Alishindwa uchaguzi, neno likabaki.

Aliyefuatilia nyayo hizi ni mwanaisimu Allen Walker Read, ambaye alipekua magazeti ya zamani na kutoa matokeo yake mwaka 1963 na 1964.