Chatu: dume, jike, na kwa nini hazai

Huku Nyakach, kaunti ya Kisumu, bado tunamtaja kwa heshima Omieri, chatu aliyeunguzwa na moto mwaka 1987. Hata hivyo, uzazi wa chatu umejaa uvumi. Mengi nayasikia mbele ya banda la nyoka, Makumbusho ya Kisumu.

Dhana: Mwenye vikucha ni dume.
Chatu wote wana vikucha viwili kando ya tundu la haja, masalio ya miguu ya nyuma. Vya dume kwa kawaida huwa virefu zaidi, lakini vikichakaa hutambui lolote. Umbo nalo hudanganya: majike ndio hukua sana, ila dume mzee humpita jike mchanga. Wataalamu huingiza kijiti laini cha chuma, kilichopakwa mafuta, kutoka tunduni kuelekea ncha ya mkia. Kwa jike hukwama baada ya magamba machache tu. Kwa dume huzama mbali zaidi, maana viungo vyake viwili vya uzazi hujificha ndani ya mkia. Tafadhali, usijaribu nyumbani na spoku ya baiskeli! Ukimtoboa, unaweza kumharibia uzazi kabisa. Mwite daktari wa wanyama anayewajua nyoka.

Dhana: Joto la kiota huamua jinsia.
Kwa mamba wa Ziwa Victoria ni kweli. Kwa chatu huamua kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli.

Dhana: Wawili wakikaa pamoja bila mayai, jike ni tasa.
Kwanza hakikisha hujafungia madume wawili. Kisha tazama umri na mwili. Chukua Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayefugwa sana Marekani na Ulaya: jike huwa tayari akifika miaka 3 hivi, na wafugaji makini husubiri afikishe kilo moja na nusu. Akipandishwa angali mwembamba, anaweza kutaga mayai madogo ya njano yasiyo na uhai, au mayai yakamkwama tumboni, hali inayoweza kumuua. Tena usitarajie mengi. 4 hadi 6 yanamtosha, ilhali chatu wetu wakubwa hutaga makumi.

Dhana: Aliyeacha kula ni mgonjwa.
Jike anayeatamia hujiviringa juu ya mayai karibu miezi miwili, mara nyingi bila kula. Mwache, umwekee maji karibu.

Dhana: Ukimkuta shambani, ni wako.
Kufuga chatu Kenya kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Wapigie simu waje wamchukue, na uwazuie watoto wasimpige mawe.