Nairobi hadi New York: si dunia inayokimbia ndege

Hapa Kisumu bado naskia watu wakisema ndege ya Nairobi kwenda New York inachukua kama masaa 15 lakini kurudi 14 ati juu dunia inazunguka. Hapana jameni. Umbali ni ule ule, karibu kilomita 11,800 iwe ni kwenda ama kurudi, na hewa inazunguka pamoja na dunia. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, tunazunguka kilomita kama 1,670 kwa saa, sasa hewa ingekuwa inabaki nyuma si huo upepo ungefagia kila mashua hapo ufuo wa Dunga ziwani! Kinacholeta tofauti ni upepo wa juu sana, kilomita kama 10 angani, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenda unakupinga, kurudi unakusukuma.