Ati iko kwa PDF, basi ni sheria

Nafundisha wapelelezi, maafisa wa probesheni na makarani wa korti hapa Kenya jinsi ya kutafuta sheria mtandaoni, na kama kuna maneno nayasikia hadi usingizini ni haya: "Lakini madam, iko hapa kwa simu yangu." Iko kwa simu yako kivipi? Ni PDF alirushiwa WhatsApp na mwenzake, na huyo mwenzake naye alirushiwa zamani zile wakiwa koleji.

Juzi tena. Afande mmoja, kijana mchapakazi kwa kweli, amekuja na chaji shiti, yaani hati ya mashtaka, ya mtu aliyejirusha majini pale Likoni, Mombasa, akaokolewa. Shtaka ni kujaribu kujiua, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ile sheria ya makosa ya jinai. Nikamwambia hicho kifungu Mahakama Kuu ilishasema kinakiuka Katiba, Januari 2025. Akatoa simu, akavuta maandishi kwa vidole viwili yakawa makubwa, "Si hii hapa madam?" Nikamwambia rudi ukurasa wa kwanza unisomee. Toleo la 2012! Mtu anahitaji daktari, wewe unampeleka kizimbani na karatasi ya 2012.

Na hata angedaunlodi mpya asubuhi hiyo hiyo bado angeweza kuteleza, na hapa ndipo wengi hawanielewi hata nikirudia mara ngapi. Jaji akibatilisha kifungu hashiki kifutio, maneno yanabaki kitabuni mpaka Bunge lirekebishe. Angalia kifungu cha 204 cha sheria hiyo hiyo, adhabu ya mauaji. Ukikisoma peke yake utaapa jaji hana njia ila kunyonga, kumbe tangu kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilishasema hukumu ya kifo ya lazima haifai, jaji asikilize kwanza utetezi wa mtu kabla ya kumhukumu.

Sasa kuna mwerevu mwingine ambaye Muruatetu ameisoma, tena ameihifadhi, lakini ameishia hapo 2017. Huyo ndiye ananimaliza kabisa. Baada ya ile hukumu korti nyingi zilianza kupunguza adhabu za wizi wa mabavu na za unajisi zikitaja Muruatetu, mpaka Julai 2021 Mahakama ya Juu yenyewe ikarudi ikasema jamani, tulikuwa tunazungumzia mauaji, vifungu 203 na 204, basi. Na mchezo ni ule ule kwa kifungo cha maisha, Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi ilisema maisha yasiyo na kikomo yanakiuka Katiba ikampa mtu wa kesi ya unajisi miaka 40, watu wakaisambaza wee, Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaitupa hiyo hukumu na maisha yakarudi. Aliyeseva ile ya Malindi bado anayo, bado anaitaja kwa ripoti.

Kwa hivyo mimi darasani kwangu PDF zinafutwa, tena mbele yangu. Fungua Kenya Law, tovuti ya sheria na hukumu za Kenya, kila mara upya, ingia kwenye sheria yenyewe, tazama historia yake imerekebishwa lini na kwa sheria gani, halafu ukija kwa kesi shuka chini uone ni hukumu gani za baadaye zimeitaja. Ni dakika mbili tatu. Unapoteza zaidi ya hapo ukitafuta chaja.

Zile dhana zingine potofu niziguse haraka. Ati sheria ni za kulipia ndiyo maana tunatumiana: hapana, Kenya Law ni bure, TanzLII ya majirani Tanzania bure, ULII ya Uganda bure, na SHERLOC ya Umoja wa Mataifa ina kesi za ulanguzi wa binadamu na dawa kutoka nchi kibao, bure pia, na karibu hakuna afande anayeijua.

Ati jina halipo kwa tovuti ya Interpol basi jamaa hatafutwi. Notisi nyekundu, zile Interpol hutoa kuomba mtu atafutwe na kushikiliwa, nyingi haziwekwi hadharani, polisi tu ndio huziona. Pitia ofisi ya Interpol pale DCI, idara ya upelelezi wa jinai, sio Google. Na notisi nyekundu sio waranti ya kukamata dunia nzima, kila nchi inaamua kwa sheria zake.

Halafu hii mpya, ya kuuliza AI, akili bandia, ikupe kesi. New York 2023 mawakili walipeleka kortini kesi sita ambazo hazijawahi kuwepo, ChatGPT ilizitunga zote na majina ya majaji juu, wakapigwa faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili, wana maktaba. Wewe ukipewa kesi huko itafute kwanza Kenya Law, ifunguke, uisome mpaka mwisho, na ikikataa kufunguka usije kuniuliza kama labda imefichwa.