Kuwezesha vikundi vya wenyeji kurejesha ardhi iliyochakaa: dhana potofu na ukweli

Mpango wa AFR100, uliozinduliwa jijini Paris mwezi Desemba 2015, uliweka lengo la kurejesha hekta milioni 100 za ardhi iliyochakaa barani Afrika ifikapo mwaka 2030. Kenya iliahidi hekta milioni 5.1, Tanzania milioni 5.2, Burundi milioni 2 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo milioni 8. Walioahidi ni serikali, lakini ardhi yenyewe iko mikononi mwa wakulima na wafugaji, na kwa sababu hiyo wafadhili wameanza, kwa kuchelewa, kupeleka sehemu ya fedha zao moja kwa moja kwa vikundi vya vijijini, vyama vya ushirika na biashara ndogo za wenyeji. Mfuko wa TerraFund, kwa mfano, ulitangaza mwaka 2022 miradi yake 100 ya kwanza, kisha ukaelekeza nguvu katika maeneo matatu: Bonde la Ufa nchini Kenya, bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi, na ukanda wa kakao nchini Ghana. Mwelekeo huo ni mzuri, ila umeambatana na dhana kadhaa ambazo zimewahi kuwagharimu watu fedha na miaka, na ambazo bado husikika katika semina na kusomeka katika maandiko ya miradi.

Dhana: kurejesha ardhi ni kupanda miti

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na chanzo chake kinaeleweka: mche huhesabika, hupigwa picha, na kiongozi huweza kuupanda mbele ya wageni kwa dakika mbili. Ukweli ni kwamba katika sehemu kubwa ya nyanda kame za Afrika Mashariki miti haijatoweka. Imekatwa, lakini mizizi yake ingali hai chini ya ardhi, na kila msimu wa mvua huchipua, halafu machipukizi hayo hufyekwa, huliwa na mbuzi au huteketea kwa moto. Kazi inayohitajika hapo ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kila kisiki, kupogolea mengine, kuweka alama ili asiyejua asiyafyeke, na kuyalinda. Mkoani Dodoma shirika la LEAD Foundation limeieneza njia hii kwa jina la Kisiki Hai, likiwatumia wakulima viongozi wanaowafundisha wenzao. Hakuna kitalu, hakuna lori la kusafirisha miche, na kifaa kikuu ni panga ambalo mkulima tayari analo.

Njia hiyo haikuanzia Dodoma. Katika eneo la Maradi nchini Niger, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tony Rinaudo kutoka Australia alikuwa akisimamia mradi wa kupanda miche ambayo mingi ilikufa, hadi alipotambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa machipukizi ya miti iliyokatwa. Katika miongo miwili iliyofuata miti ilirudi kwenye takriban hekta milioni 5 za mashamba ya Niger, na sehemu kubwa ya eneo hilo ilirejeshwa na wakulima wenyewe walioona shamba la jirani na kuiga.

Historia ya Shinyanga inafundisha jambo hilohilo kwa undani zaidi. Misitu ya huko ilifyekwa kwa miongo mingi ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umefanana na jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa ufadhili wa Norway, na mwanzoni ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya: uliotesha miche katika vitalu vikubwa na kuigawa. Mafanikio yaliyoupa jina yalikuja pale wataalamu walipoanza kuwasikiliza Wasukuma kuhusu ngitili, yaani utaratibu wao wa tangu zamani wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi na miti vipate nafasi, na kulifungua wakati wa kiangazi. Ngitili nyingi zilikuwa zimetelekezwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, familia zilipohamishwa mbali na maeneo yao. Mwaka 1986 zilizokuwa zikijulikana zilifikia hekta 600 hivi tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, baadhi za familia na nyingine za kijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa faida za ngitili, yaani kuni, malisho, dawa, asali, nyasi za kuezekea na kadhalika, zilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Mradi ulifadhili mafunzo, ziara za wakulima na ushauri wa kitaalamu, ilhali sheria za ngitili zilisimamiwa na mikutano ya jadi ya dagashida, na walinzi wake wakawa sungusungu.

Miche ina mahali pake, kwani ardhi ambayo hata visiki vimekwisha haina njia nyingine. Tatizo ni kuifanya miche kuwa kipimo cha kila mradi. Kikundi kinacholipwa kwa idadi ya miche kitatoa miche, na hakuna haki ya kukilaumu.

Dhana: adui wa ardhi ni mifugo, kwa hiyo ipunguzwe au iondolewe

Dhana hii iliwahi kujaribiwa kwa ukamilifu nchini Tanzania. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa, mkoani Dodoma, lililoharibiwa na mmomonyoko, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Kwa macho ya mtaalamu wa udongo matokeo yalikuwa ya kuvutia, kwa maana uoto ulirudi na mmomonyoko ukapungua. Kwa mama wa nyumbani, maziwa yalikwisha, samadi ikakosekana, na ng'ombe wakapelekwa kwa jamaa katika maeneo ya jirani ambayo nayo yalizidiwa. Ilichukua takriban miaka 10 kabla ya ufugaji wa ndani kuruhusiwa kama njia ya kati.

Shinyanga ilifika kulekule bila kumwondoa ng'ombe hata mmoja kwa amri. Ng'ombe ndiye aliyekuwa sababu ya kufunga ngitili, kwa vile mwenye maksai na ndama anahitaji nyasi mwezi wa Septemba kuliko mtu mwingine yeyote. Ningemshauri anayeandaa mradi katika ardhi ya wafugaji alinganishe mikoa hii miwili kabla ya kuandika neno la kwanza, kwa sababu yote ipo katika nchi moja, na mradi mmoja uliwachukulia wafugaji kuwa tatizo ilhali mwingine ulijenga juu ya maslahi yao.

Dhana: vikundi vya vijijini haviwezi kukabidhiwa fedha

Kwa muda mrefu hoja hii imetumika kuhalalisha mnyororo mrefu ambamo fedha hutoka kwenye mfuko wa kimataifa, hupitia shirika kubwa, kisha shirika la kitaifa, kisha ofisi ya mkoa, na kila mmoja hukata gharama zake. Taasisi ya IIED ya Uingereza, inayotafiti mazingira na maendeleo, ilikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa na mifuko ya kimataifa ya tabianchi kati ya mwaka 2003 na 2016 zilielekezwa katika ngazi ya wenyeji.

Wakati huohuo, wanakijiji wanaodhaniwa kuwa hawajui fedha wanaendesha VICOBA (benki za jamii za vijijini) nchini Tanzania na vyama vya kuweka na kukopa nchini Kenya, wakitumia kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na daftari linalosomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote. Sijui mkaguzi wa nje mwenye ukali unaoukaribia ule wa wanachama wa VICOBA siku ya kugawana. Kinachowashinda ni masharti: kuandika ombi kwa lugha ya kigeni, kuwa na hesabu zilizokaguliwa kwa miaka kadhaa, kutumia kwanza na kurudishiwa baadaye. Kikundi kisicho na akiba hakiwezi kutumia kwanza.

Kuna na suala la majira, ambalo huzungumzwa kidogo mno. Kanda ya kati ya Tanzania hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ili mche upandwe mvua zinapoanza, mbegu lazima ziwe kitaluni miezi kadhaa kabla, na makinga maji lazima yachimbwe ardhi ikiwa bado kavu. Awamu ya kwanza ya fedha ikiingia benki mwezi Februari, kikundi kina njia mbili: kupanda kwa kuchelewa ili ripoti iwe na namba, au kusubiri mwaka mzima na kuonekana kimezembea. Wengi huchagua kupanda. Miche inapokauka mwezi Julai, kosa huandikwa kuwa la wanakijiji.

Dhana: mafunzo ni kuwaeleza wakulima umuhimu wa mazingira

Wakulima wa milimani kandokando ya Ziwa Kivu, ambao kila mvua kubwa huwashushia udongo bondeni, hawahitaji kuelezwa kwamba mmomonyoko ni mbaya. Udongo huohuo hujaza tope katika mabwawa ya umeme ya Mto Ruzizi, kwa hiyo hasara inajulikana juu mlimani na mjini pia. Mafunzo yenye manufaa ni yale ya ufundi na ya biashara. Kwa upande wa ufundi, mtu ajue kupima mteremko kwa kifaa cha herufi A kilichotengenezwa kwa miti mitatu na kamba yenye jiwe, kuchimba matuta ya fanya juu, kuchagua miti inayostahimili kukaa na mazao. Kwa upande wa biashara, ajue kukokotoa gharama halisi ya mche mmoja, kuandika mkataba na mnunuzi wa asali au karanga, na kutunza kumbukumbu. Programu ya Land Accelerator, iliyoanza Nairobi mwaka 2018, ilijengwa juu ya hitaji hilo la pili, ikiwafundisha wajasiriamali wanaopata kipato kwa kurejesha ardhi.

Siku hizi limeongezeka fundisho la tatu, yaani kutumia simu kuchora mipaka ya eneo na kupiga picha zenye majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa zilipopigwa, ili wafadhili walinganishe na picha za setilaiti. Ni jambo jema, mradi takwimu hizo zibaki pia kijijini. Mara nyingi hupanda kwenda juu na hazishuki tena.

Dhana: mti wowote ni bora kuliko ardhi tupu

Watu wa Baringo, Kenya, wana jibu fupi: mathenge. Mti huu uliletwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulistawi kupita kiasi, ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akawa sehemu ya ushahidi. Aliyewauliza wafugaji kabla ya kuleta mbegu angeambiwa, angalau, ni miti gani ya asili ambayo mbuzi hula bila madhara.

Dhana: mapato ya kaboni yatalipa kila kitu

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Mikoko Pamoja katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji wamekuwa wakiuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kutokana na hekta 117 za mikoko. Ni mfano mzuri kwelikweli, na fedha zake zimeleta maji na vifaa vya shule. Lakini mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa takriban dola 12,000 kwa mwaka kwa jamii nzima, na yalitanguliwa na miaka mingi ya utafiti wa kisayansi ambao kijiji peke yake kisingeweza kuugharimia. Kikundi kinachoambiwa kwamba kaboni itakitajirisha hukosa subira kabla hata mti haujafika kimo cha mtu.

Dhana: nani anamiliki ardhi ni suala la baadaye

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, ingawa haionekani kwenye picha. Nchini Niger miti iliongezeka pale wakulima walipoacha kuogopa kwamba mti uliomo shambani mwao ni mali ya serikali na kwamba kuukata ni kosa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kubaki na mapato. Kenya nayo ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Zana zipo, ila upimaji wa mipaka na mipango ya matumizi ya ardhi hugharimu fedha ambazo bajeti za miradi mara chache huzitenga.

Ardhi iliyorudi kuwa na rutuba huwa na thamani, na penye thamani huja wenye nguvu. Mwanamke aliyechimba makinga maji kwenye shamba lililoandikwa jina la shemeji yake anaweza kulipoteza msimu uleule linapoanza kuzaa, na kikundi cha vijana kilichopewa korongo bure kinaweza kudaiwa kodi korongo linapoota majani. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja, na kuiandika hivyo kunagharimu kidogo kuliko warsha ya siku tatu hotelini. Mfadhili anayeomba orodha ya wanachama na namba ya akaunti angefanya vyema kuomba pia ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji na muhtasari wa mkutano mkuu uliolikabidhi eneo hilo kwa kikundi, na kama havipo, awamu ya kwanza ya fedha iende kuvitengeneza kabla ya kununua mbegu.