"Kijiji hiki hakina walemavu"

Watafiti wa miradi ya maendeleo wanaofika vijijini Kasulu au Uvinza, mkoani Kigoma, Tanzania, huweza kuondoka na jibu hilo: watu wenye ulemavu ni wachache mno, hakuna haja ya kuwapangia bajeti. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6.

Tatizo ni namna ya kuuliza. Karani akibisha hodi na kuuliza, "Kuna mlemavu humu?", mama mwenye nyumba atasema hakuna, pengine kwa aibu, pengine kwa kuwa haoni kama bibi aliyeketi mkekani, asiyeona vizuri hata kuchambua mchele, anahesabika. Kwake huo ni uzee tu.

Kundi la Washington, kundi la takwimu za ulemavu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, lina maswali 6 mafupi: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Unauliza ugumu ni wa kiasi gani, neno ulemavu hulitaji. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" hata kwa swali moja, anahesabiwa.

Ila kuhesabu pekee hakutoshi, na hapa ndipo miradi mingi huniudhi. Kikao kikifanyika ghorofani bila mkalimani wa lugha ya alama, waliohesabiwa wanabaki nje. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 32 kinataka ushirikiano wa kimataifa, utafiti ukiwemo, uwafikie na uwajumuishe.