Kope zikigeukia ndani, weka kibano chini: maswali na majibu kuhusu vikope

Kila tukienda huduma ya mkoba vijijini, iwe Chamwino, Bahi au Kongwa huku Dodoma, hakosi bibi mmoja atakayekaa kwenye benchi, afungue fundo kwenye pindo la kanga na kutoa kibano kidogo cha chuma. Kimesuguliwa hadi kinang'aa. Ananionyesha bila wasiwasi, kama mtu anayeonyesha dawa aliyoandikiwa: "Nesi, mimi hiki ndicho kinanisaidia." Namwomba atazame juu, namulika tochi, nakuta kioo cha jicho kimeshaanza kufanya weupe. Maswali haya ni yale ninayoulizwa na akina bibi hao, mabinti zao na wakwe zao.

Vikope ni ugonjwa gani?

Ni maambukizi ya macho yanayoletwa na bakteria. Kitaalamu huitwa trakoma. Huanza utotoni: macho mekundu, yanawasha, yanatoa tongotongo. Mtoto akiambukizwa tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa kope la juu hujaa makovu. Kovu hujikunja, na likijikunja linavuta ukingo wa kope kuelekea ndani. Nywele za kope zilizoumbwa kulinda jicho sasa zinalikwaruza kila unapopepesa. Mikwaruzo hiyo huacha chamba, yaani weupe kwenye kioo cha jicho, na chamba kikitanda mbele ya mboni, mtu haoni tena. Duniani hakuna ugonjwa wa kuambukiza unaopofusha watu wengi kuliko huu.

Siyo uzee tu? Au mtoto wa jicho?

Hapana. Mtoto wa jicho hauchomi. Mtu huona ukungu tu, na upasuaji wake humrudishia kuona. Vikope vinachoma, vinatoa machozi, na mwanga wa jua unakuwa adui. Bibi anayekaa kona yenye giza mchana kutwa, kanga ameivuta hadi usoni, mchunguzeni macho. Msiseme amezeeka.

Kope zinachoma. Nikizing'oa napata nafuu. Ubaya uko wapi?

Ubaya uko kwenye hiyo nafuu. Unang'oa leo, unalala vizuri, unaamini umejitibu. Kope bado limekunjwa, kovu liko palepale. Baada ya wiki chache nywele zinaota upya, na zinaota zikiwa fupi na ngumu. Nyingine hazikung'oka, zilikatikia njiani zikabaki vishina. Unywele mrefu hujilaza juu ya jicho. Kishina huchoma kama mwiba. Hapo unarudia kung'oa, mjukuu anashika kibano maana wewe huoni vizuri, mkono wa mtoto unatetemeka, chuma kinagusa jicho. Nimeyaona haya kwa macho yangu, zaidi ya mara moja.

Mtoa huduma aliyefundishwa anaweza kung'oa unywele mmoja au miwili kwa kifaa safi kinachofaa, tena kwa mgonjwa ambaye ataendelea kumfuatilia. Kibano cha kwenye fundo la kanga ni jambo jingine kabisa. Weka chini.

Basi ning'oe kwanza, nije kupasuliwa baada ya mavuno?

Hapana.

Naelewa shamba halingoji. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, na asiyepalilia mtama wake kwa wakati atalala njaa. Lakini nimesikia "baada ya mavuno" kwa bibi yuleyule misimu mitatu mfululizo. Msimu wa kwanza alikuja mwenyewe kwa miguu. Wa tatu aliletwa, ameshikilia fimbo, ncha ya pili ameshika mjukuu wa miaka saba ambaye siku hiyo alipaswa kuwa shuleni. Tulizisawazisha kope zake, maumivu yakaisha, lakini kuona hakukurudi. Upasuaji wa kope huzuia jicho lisiendelee kuharibika. Haufuti chamba kilichokwisha kuingia. Nasema tena kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza watu: njoo ukiwa bado unaona. Usingoje mavuno, usingoje mtoto arudi kutoka Dar, usingoje jicho la pili lianze.

Upasuaji wenyewe ukoje? Nasikia kuna waliopofuka.

Waliopofuka wengi ni waliochelewa. Chamba kilitangulia, kisu kikasingiziwa. Jicho lenyewe haliguswi na kisu. Linalopasuliwa ni kope. Unalazwa kitandani, unachomwa sindano ya ganzi kwenye kope, hiyo utaisikia, sikufichi. Kisha kope hukatwa kidogo, hugeuzwa nywele zitazame nje, na hushonwa. Kwa kawaida haifiki saa moja. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo na bandeji, inatolewa kesho yake. Kama nyuzi ni za kutolewa, utarudi baada ya wiki moja au mbili. Huhitaji kusafiri hadi Muhimbili: hata muuguzi aliyesomea kazi hiyo huifanya, na kambi za kusawazisha kope hufanyika mara kwa mara karibu na vijiji.

Kwa nini wanawake ndio wengi?

Kwa sababu wao ndio wanaobeba watoto. Mtazameni mama akiwa kwenye foleni ya kliniki: anashika pindo la kanga, anamfuta tongotongo wa kwanza, pindo lilelile anamfuta wa pili, kisha anajifuta jasho la uso wake. Hapo bakteria wamehama mara tatu na hakuna aliyeona. Ndiyo maana dalili mbichi tunazikuta zaidi kwa watoto wadogo, na kope zilizokunjwa tunazikuta zaidi kwa bibi zao.

Maji yenyewe ni ya kugombania kisimani. Tutawanawisha na nini?

Swali hili nimelijibu hadharani mara nyingi kwa chupa moja ya lita. Natoboa kifuniko, naita watoto kumi, namwaga mchirizi mwembamba kwenye viganja vyao, wananawa uso mmoja baada ya mwingine. Watoto wanaisha, maji bado yapo. Akina mama wananyamaza, kisha wanaanza kucheka. Uso wa mtoto hautaki ndoo. Tena siyo lazima yawe ya kunywa. Maji yale yale unayosuuzia vyombo kwa mara ya mwisho, kama hayana sabuni wala mafuta, yanatosha kuondoa tongotongo. Tundika kibuyu chirizi mlangoni, mtoto asitoke asubuhi kabla hajapita hapo, na jioni arudie.

Hili halikuanzia kwangu. Kongwa yetu hii ndiko ulikofanyika utafiti uliochapishwa 1995, ukaonyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa ya macho na pia kuhamasishwa kunawisha watoto nyuso vilipata nafuu ya vikope vikali kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Dunia ilijifunza kutoka kwa watoto wa Ugogo. Inaniuma kuona sisi wenyewe bado tunawapeleka watoto shuleni na nzi machoni.

Na hao nzi?

Nzi anayependa macho ya mtoto huzaliana hasa kwenye kinyesi cha watu kilichoachwa juu ya ardhi. Chimba choo, kifunike, wote wakitumie, watoto wadogo wakiwemo. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho ni kinyesi, kitupeni chooni. Zizi lisogee mbali kidogo na mlango.

Dawa za majani, maziwa ya mama, au matone ya duka la dawa?

Acheni. Tafadhali acheni kabisa. Utomvu wa majani unaunguza jicho, maziwa yanalisha wadudu. Na matone ya dukani uliyochaguliwa na mtu asiyekuangalia jicho yanaweza kuwa na dawa inayopoza wekundu huku vidonda vikizidi ndani. Jicho siyo mahali pa kujaribu.

Kingatiba inazuia kuzaa?

Haizuii. Ni dawa ya vikope inayogawiwa kijiji kizima: azithromaisini, antibiotiki inayomezwa dozi moja tu kila raundi ya ugawaji. Wanaokuja na kijiti kirefu hawapimi majeneza, wanapima urefu wa mtoto ili wajue kiasi cha dawa. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi hiyo, anapewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Na kijiji kizima kimeze, kwa sababu mmoja akibaki na wadudu anawarudishia wenzake.

Bibi amekataa katakata. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, utampoteza. Jua likiwa zuri, mkalishe nje, mwambie atazame juu, uhesabu nywele zinazogusa jicho. Hata ukiona mmoja tu, mtafute mhudumu wa afya wa kitongoji chenu leo, jina la bibi liandikwe. Kisha tafuta mwanamke wa hapo hapo kijijini aliyekwisha kusawazishwa kope, umwombe aje wakae wawili, bila wewe wala mimi. Nimehutubia mikutano mingi, lakini kinachowashawishi zaidi ni shoga yake akisema, "Mimi sasa nachambua mchele mwenyewe."

Siku ikifika mfuate hadi zahanati. Beba maji na uji, kwa sababu foleni huwa ndefu. Wakati wa kurudi mshike mkono, jicho moja litakuwa limefungwa na njia ina mashimo. Yale mambo mazito ya wiki ile, kuni, maji, jikoni penye moshi, wafanye wengine. Ukiona usaha, kope limevimba sana au anasema jicho limefifia, usisubiri siku ya nyuzi, mrudishe siku hiyohiyo. Hata akipona vizuri, mwaka ujao mtoe tena juani umtazame, maana nywele zinaweza kugeuka upya.