Mwalimu anapoanguka kwenye benchi

Kocha akifa ghafla, huku kwetu Mtwara maneno huanza kabla turubai la msiba halijafungwa. Mara kalishwa kitu, mara wapinzani wamemmaliza, mara mechi ndiyo iliyomuua. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na yananiuma maneno hayo, kwa sababu yanafunika chanzo ambacho mara nyingi kilikuwa kinaonekana mapema.

Kuna mambo mawili watu huyachanganya. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba: mtu anaumia, anatoka jasho, lakini bado anaongea. Moyo kusimama ni pale umeme wa moyo unapovurugika, damu haisukumwi tena, na mtu anazima ndani ya sekunde chache. La kwanza huweza kuleta la pili. Kwa mchezaji kijana chanzo mara nyingi ni hitilafu ya kuzaliwa nayo. Ukishavuka miaka 35, kama makocha wengi, mara nyingi ni mishipa iliyosinyaa taratibu kwa mafuta, presha, kisukari na sigara.

Jock Stein, kocha wa Scotland, alianguka pembeni ya uwanja mjini Cardiff tarehe 10 Septemba 1985, mechi na Wales ikielekea ukingoni, akafariki palepale uwanjani akiwa na miaka 62. Alishawahi kupata mshtuko wa moyo miaka ya nyuma. Nigeria nayo ilimpoteza Stephen Keshi tarehe 7 Juni 2016, akiwa na miaka 54, na siku tatu baadaye Shuaibu Amodu, aliyewahi pia kuifundisha timu ya taifa. Hasira na wasiwasi wa mechi hupandisha presha na kuukimbiza moyo, hilo ni kweli, lakini moyo unaozidiwa siku hiyo kwa kawaida ulikuwa mgonjwa tangu zamani.

Ninapopima afya za wachezaji kabla ya msimu, kocha husimama mlangoni na orodha ya majina, anawaita mmoja mmoja. Mmoja nilimwambia, "Mwalimu, na wewe kaa." Akajibu, "Dokta, unipime ya nini? Mimi sichezi." Presha ilisoma 190 kwa 110. Nikarudia baada ya kumpumzisha, haikushuka. Hakuwa anaumwa popote, na hapo ndipo hatari ilipo: presha haina kelele. Ikizidi 140 kwa 90 kila ukipimwa, hiyo inahitaji matibabu, na dawa haziachwi kwa sababu unajisikia vizuri.

Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono wa kushoto, pumzi ikikata, jasho la baridi likikutoka, usiseme ni gesi au vidonda vya tumbo ukasubiri kipindi cha pili kiishe. Nenda hospitali. Nimewaona waliokunywa soda na kulala.

Na akishaanguka? Kama haitiki na hapumui kawaida, moyo umesimama. Anaweza kukoroma au kutweta mara mojamoja kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Msimmwagie maji, msimkalishe, msimbebe mbiombio kwenye bajaji. Mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, bonyeza kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi. Mwingine apige simu hospitali. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa moyo kwa mashine ya umeme, uwezekano wa kupona hushuka kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Hapa Mtwara, kutoka uwanja wa Nangwanda Sijaona hadi Hospitali ya Ligula ni ndani ya mji huohuo, na bado ni mbali kwa ubongo usio na damu. Sembuse uwanja wa shule kule Liwale au Tandahimba. Pokezaneni kila dakika 2, msiache mpaka ajitikise au wahudumu wafike.